Wiki ya Nyasi Bondeni Big Hole: Farasi, Kisu na Jua

Alhamisi, Deer Lodge

Nimefika Deer Lodge kabla ya saa sita mchana nikitokea Missoula, kwa barabara kuu ya I-90 inayoandamana na mto Clark Fork. Safari hii nimeifunga kwa jambo moja tu: kuona nyasi zikikatwa, zikikaushwa na kulundikwa kwa nguvu ya farasi, kwa mashine zile ambazo sehemu nyingi za Marekani zimebaki kuwa mapambo ya kuota kutu kwenye mageti ya mashamba. Huku kusini-magharibi mwa jimbo la Montana bado kuna watu wanaozitumia, na ipo familia moja iliyokubali nikae nao wakati wa mavuno. Hao nitawakuta kesho. Leo nimeanzia kwenye ranchi ya Grant-Kohrs, maana bila kujua yaliyotokea kwenye mabonde haya huwezi kuelewa kwa nini mfugaji wa hapa anahangaikia nyasi kiasi hiki.

Ranchi hii aliianzisha Johnny Grant, na mwaka 1866 akaiuza kwa Conrad Kohrs. Tangu 1972 ni eneo la historia la taifa, na siku hizi liko wazi kwa wageni. Enzi za Kohrs ng'ombe waliachiwa wajitafutie. Hakukuwa na ua wala akiba ya malisho. Mifugo yake ilitawanyika kwenye machunga ya ekari milioni 10 hivi, ndani ya majimbo kadhaa na hata Kanada. Kisha ikaja baridi ya 1886 hadi 1887. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa cha ukame na machunga yalikwisha kuliwa mno. Theluji ikaanguka, ikayeyuka kidogo, ikaganda tena kuwa tabaka gumu la barafu ambalo ng'ombe hakuweza kulifukua kwa kwato. Walikufa kwa maelfu. Wafugaji waliosalimika ndio walioanza kufunga ua, kumwagilia mabonde na kuweka nyasi akiba kwa ajili ya miezi ya theluji.

Nimezunguka mabanda ya magari ya kukokotwa mpaka miguu imechoka. Kwenye zizi wapo farasi wa kazi, shingo nene, makalio mapana, wamesimama kivulini mmoja akimpungia mwenzake mkia usoni kufukuza nzi. Mfanyakazi wa hifadhi ameniambia niende Big Hole haraka, maana jua la wiki hii halijaahidiwa na mtu.

Ijumaa, Wisdom

Kutoka Butte nimeteremka kusini kwa I-15 hadi Divide, kisha nikashika barabara namba 43 kuelekea magharibi. Barabara inafuata mto Big Hole, inapita Wise River, inabanwa na milima kwa kitambo, halafu bonde linatanuka lote mbele yako. Ni tambarare ya majani iliyozungushiwa milima, yenye vijito kila upande, na katikati ya mashamba yamesimama majukwaa ya miti yaliyoinama mshazari, marefu kuliko nyumba. Hizo ndizo Beaverslide, mashine za kulundikia nyasi zilizobuniwa humuhumu bondeni. Watu wa Montana huliita bonde hili nchi ya malundo elfu kumi ya nyasi.

Mji wa Wisdom uko kwenye mwinuko wa zaidi ya futi 6,000, yaani mita 1,800 na ushee. Jalidi inaweza kuanguka mwezi wowote wa mwaka. Kwa hiyo nyasi hukatwa mara moja tu, mwishoni mwa Julai na Agosti, na kinachopatikana hapo ndicho ng'ombe watakachokula karibu nusu mwaka. Mwenyeji wangu anapiga hesabu ya tani 2 hivi kwa kila ng'ombe. Mapema Julai alifunga maji ya mifereji ili ardhi ikauke, kwa sababu magurudumu ya chuma na kwato za farasi mzito hazitaki tope.

Nimewakuta mzee, mkewe na mjukuu wao wa kike, binti wa chuo aliyekuja kusaidia mavuno. Mzee ameniuliza jambo moja tu, kama ninaogopa farasi. Nikasema hapana, akasema basi usiwazoee upesi. Kisha akanichukua moja kwa moja mpaka kwenye karakana.

Mashine yake ya kukatia ni McCormick-Deering No. 9. Ilitengenezwa na International Harvester, kampuni iliyozaliwa mwaka 1902 kwa kuunganishwa McCormick, Deering na wengine, na aina hii ilianza kutoka kiwandani mwaka 1939, wakati matrekta tayari yanawafukuza farasi mashambani. Ni mashine ya mwisho mwisho ya kizazi chake na nadhani ndiyo iliyofikia ukamilifu. Haina injini. Farasi wakivuta, magurudumu mawili ya chuma yanazungusha gia zilizofungiwa ndani ya boksi lenye oili, gia zinazungusha gurudumu dogo la mbele, na gurudumu hilo linasukuma na kuvuta fimbo ya mbao ngumu iliyoshikamana na kisu. Ni mantiki ileile ya cherehani ya mguu, ila sindano hapa ni kisu cha futi 6 kinachokwenda na kurudi chini ya nyasi.

Kisu chenyewe ni upau mwembamba wa chuma uliopigiliwa meno 24 ya pembetatu, kila moja upana wa inchi 3. Meno hayo yanapita ndani ya vidole vya chuma vilivyotangulia mbele, na kila kidole kina kibati chenye makali chini. Kwa hiyo nyasi hazifyekwi kama kwa fyekeo; zinabanwa kati ya jino na kibati na kukatwa kama kwa mkasi. Jino likiwa butu, nyasi zinatafunwa, farasi wanavuta mara mbili, na ukitazama nyuma unaona vishungi vya nyasi vimebaki vimesimama.

Tumekaa karakanani mpaka jua limeshuka. Meno matatu yalikuwa yamevunjika. Mzee alikibana kisu kwenye jiliwa, mgongo wa jino ukiwa juu, akapiga nyundo mara moja kwa nguvu, na ribiti mbili zikakatika kwa mpigo. Akaweka jino jipya, akapitisha ribiti mpya, akazigonga vichwa polepole akizizungusha mpaka zikawa duara. Kazi ya dakika tano kwa jino. Vipuri bado vinatengenezwa, na kisichotengenezwa anakitoa kwenye mashine ya zamani iliyolala nyuma ya ghala.

Halafu akakagua vitu viwili ambavyo amesema vinaua mashine nyingi za zamani mikononi mwa watu wanaozipenda. Cha kwanza, kisu kikifika mwisho wa safari yake kila upande, kila jino lazima lisimame katikati kabisa ya kidole. Likikosea, mkasi haujifungi na nyasi zinaponyoka. Cha pili, ncha ya nje ya mkono wa kukatia, yaani upau mrefu unaobeba vidole na kisu, lazima itangulie mbele ya ncha ya ndani kwa inchi moja na kitu hivi, kwa sababu uzito wa nyasi utausukuma mkono nyuma ukianza kazi. Ameipima kwa kamba, mara mbili, akiwa amepiga goti sakafuni. Mkono unaolegea nyuma unafanya fimbo isukume kwa pembe, na fimbo inayosukuma kwa pembe itavunjika kabla ya adhuhuri.

Jumamosi, shambani

Saa kumi na moja alfajiri tuko zizini. Farasi ni jozi mbili za Percheron, uzao wenye asili ya Ufaransa, kila mmoja akikaribia kilo 800. Jozi ya mzee ni Duke na Dan, wa kijivu. Jozi ya binti ni majike mawili meusi. Wamekula shayiri kidogo na wamekunywa maji. Mzee hakugusa matandiko mpaka alipopitisha kiganja mabegani mwa kila farasi, akitafuta joto, uvimbe au mahali manyoya yamelala vibaya. Kola ya ngozi ndiyo inayobeba mzigo wote, na ikimchubua farasi bega, kazi yake imekwisha kwa siku nyingi. Kipimo chake ni rahisi: kola ikishakaa, kiganja kilicholala kinapaswa kupita kati ya koo na sehemu ya chini ya kola. Kisipopita, farasi atakabwa akivuta. Kikipita na nafasi ikabaki, kola itayumba na kuchuna ngozi.

Juu ya kola yanafungwa mabawa mawili ya chuma, kwenye mabawa inafungwa mikanda minene ya kuvutia, mikanda inarudi nyuma hadi kwenye vijiti vya usawa vilivyoning'inia kwenye mti mmoja mkubwa. Huo mti mkubwa unacheza katikati, hivyo farasi mmoja akilegea unamwona papo hapo, upande wake umerudi nyuma. Mbele, mti wa katikati wa mashine unaning'inia kwenye nira nyepesi baina ya shingo zao. Nira hii si ya kuvutia. Ni ya kugeuzia, na ya kuzuia mashine isiwapande visigino wanaposimama.

Tumeingia shambani umande ukiwa bado mzito. Nilidhani umande ni tatizo, kumbe kwa kukata ni heri: shina lenye maji linakatika vizuri na farasi bado wamepoa. Mkono wa kukatia uko kulia, kwa hiyo shamba linazungukwa kwa kufuata mwendo wa saa, nyasi zilizosimama zikiwa kulia siku zote, na kila mzunguko unakaribia kati. Kwenye ncha ya nje ya mkono kuna ubao ulioinama unaosukuma nyasi zilizolala pembeni, ukiacha njia safi kwa mzunguko unaofuata. Bila ule ubao, mashine ingekuwa inajisonga kwa nyasi ilizozikata yenyewe.

Sauti yake nitaikumbuka. Trekta ukiwa kilomita moja unalisikia. Hii, ukisimama pembeni, unasikia mlio mkavu wa meno yakipita kwenye vidole, minyororo, pumzi za farasi, na ndege wanaoruka mbele kutoka kwenye viota. Mzee huwa anasimamisha mashine kwa ajili ya kiota. Anaunyanyua mkono kwa wenzo, anavuka, anaushusha, na nyuma yake kinabaki kichaka kidogo kimesimama peke yake.

Kila mwisho wa upande mrefu wanasimama. "Woo," kwa sauti ya chini, na farasi wote wawili wanaacha hapohapo. Nilihesabu mapumziko haya kuwa ni ya farasi, na kwa kweli ni yao: mzee anatazama mbavu zinavyopanda na kushuka, na haondoki mpaka pumzi zimetulia. Anainua kola kwa vidole ili hewa ipite kwenye jasho. Lakini wakati huohuo anatia oili kwenye ncha ya fimbo, anagusa beringi kwa kiganja kuona kama zimepata moto, anachomoa majani yaliyosokoteka kwenye kiatu cha ndani cha mkono wa kukatia, anaokota konzi ya nyasi za mzunguko uliopita na kuzinusa. Mashine hizi zilitengenezwa na watu waliojua kwamba zitasimama kila baada ya mita mia kadhaa. Tundu za oili ziko wazi, zimeelekea juu, mahali mkono unapofika bila spana. Anayezivuta kwa trekta bila kusimama huziua haraka, na nimeambiwa hilo na watu zaidi ya mmoja hapa.

Jambo la usalama nitaliandika wazi. Kabla ya kushuka kitini, mzee anaondoa gia. Kila mara, hata akishuka kwa sekunde chache. Hakuna anayepita mbele ya mkono wa kukatia farasi wakiwa wamefungwa, hata mashine ikiwa imesimama, kwa sababu nyigu mmoja anatosha kuwashtua, na magurudumu yakizunguka kisu kinakwenda. Hatamu haziachwi chini. Wakati wa kazi hii ya kawaida ya wakulima, watu wengi zamani walipoteza miguu.

Ilipofika saa nne jua lilikuwa kali na nzi wakaanza. Farasi wamevishwa nyavu za kamba zinazotikisika wanapotembea. Saa tano na nusu tumetoka. Mchana ni wa maji, kivuli na tupa: kisu cha asubuhi kimetolewa na kunolewa jino kwa jino, na cha pili kimeingia kwa kazi ya jioni. Jozi moja ikienda hivi na kisu cha futi 6 hukata ekari 8 hadi 10 kwa siku ndefu. Jirani mwenye trekta atakata hizo kabla ya chai ya saa nne. Mzee anajua, wala habishani naye. Anasema tu kwamba farasi wake wanakula wanachokikata na kwamba jike mmoja alizaa mwezi Mei. Mimi nitaongeza hili: uzito wa kazi hauko kwenye kukata. Nyasi zilizokatwa kwa kasi bado zinalisubiri jua lilelile.

Jumapili

Farasi hawafungwi leo. Nyasi zimelala, zinakauka.

Asubuhi nimekwenda kwenye uwanja wa vita wa Big Hole, magharibi kidogo ya Wisdom. Hapa, alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1877, jeshi la Marekani lilivamia kambi ya Wanez Perce, wenyeji wa asili wa Marekani wanaojiita Nimiipuu, wakiwa wamelala. Waliouawa wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Walikuwa watu wa farasi, na walikuwa wamevuka milima na maelfu ya farasi wao wakikimbia kunyang'anywa ardhi. Miti ya mahema imesimamishwa kwenye nyasi kando ya mto kuonyesha mahali familia zilipokuwa. Nyasi hizi za bonde ambazo wiki nzima naziandika kama mali ya mfugaji zililishwa kwanza kwa farasi wengine, na nisingependa kuacha jambo hilo nje ya daftari hili.

Saa tisa alasiri wingu limetoka juu ya milima na mvua imepiga kwa nusu saa. Nyumbani hakuna aliyesema neno. Mama mwenye nyumba ameendelea kukaanga, mzee amesimama dirishani. Mvua juu ya nyasi mbichi haina madhara makubwa. Juu ya nyasi zilizokauka nusu inaosha sukari na kuharibu rangi, na ikirudia rudia inaleta ukungu. Yetu imekuja katikati.

Jumatatu, reki

Hakuna kukurupuka. Tumesubiri mpaka karibu saa nne ili juu pakauke. Kisha binti amefunga majike yake kwenye reki ya pembeni, mashine ndefu yenye meno yanayozunguka na kusukuma nyasi upande mmoja, na akapita juu ya nyasi zote akizigeuza, chini ije juu. Kufikia adhuhuri shamba lilikuwa limebadilika rangi, kutoka kijani cha maji hadi kijani cha kijivu, na harufu imepanda ile ambayo watu wa mjini huitafuta kwenye chupa.

Nyasi zikisimama zina maji kama robo tatu ya uzito wake au zaidi. Ili zilundikwe bila kufungwa marobota, zinatakiwa zishuke hadi karibu asilimia 20, labda zaidi kidogo kwa kuwa hewa inapita. Hakuna aliyeleta kipimo cha umeme shambani. Mzee anachukua konzi, anaisokota kama anakamua nguo. Zikivuja au kupinda tu, bado. Zikikatika baadhi ya mashina na nyingine zikipinda, karibu. Anachukua shina moja nene, analikwangua kwa kucha: ngozi ya nje ikibanduka ina maji chini yake. Isipobanduka, imeiva. Ukipita hapo, majani yanapukutika, na kwenye lusani na klova, mimea ya malisho ya jamii ya kunde, majani ndiyo chakula chenyewe. Shina tupu ni kuni.

Alasiri imeingia reki ya zamani kabisa, na hii nimeipenda kuliko zote. Ni magurudumu mawili makubwa, kiti katikati, na nyuma yake safu ya meno marefu ya chuma yaliyopinda kama nusu duara, upana wa futi 10 na zaidi. Farasi wanatembea, meno yanakusanya, nyasi zinajikunja tumboni mwa reki. Ikijaa, binti anakanyaga kipedali. Hapo magurudumu yenyewe yanashika mtambo na kuyanyanyua meno yote kwa pamoja, mzigo unabaki chini, meno yanashuka yenyewe. Nguvu ya kunyanyua si ya mguu wake. Ni ya farasi, imekopwa kwa nusu mzunguko wa gurudumu. Kinachotakiwa kwake ni shabaha: kukanyaga mahali palepale kila anapopita, ili marundo ya mpito mmoja yalingane na ya mpito uliotangulia na kuunda tuta lililonyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Tuta lililopinda litamsumbua anayesomba kesho. Matuta yake yalinyooka, na babu yake alimwambia hivyo, mara moja, akiwa anafungua mikanda.

Jioni mabega ya farasi yameoshwa kwa maji ya chumvi na kola zimefutwa jasho zikiwa bado na unyevu. Zikikauka na jasho, kesho zitakuwa msasa.

Jumanne, Beaverslide

Siku ndefu kuliko zote, na majirani wawili wamekuja kusaidia kama wanavyosaidiwa wao.

Beaverslide ilibuniwa bondeni hapa mwanzoni mwa karne ya 20 na wafugaji wawili, Herbert Armitage na Dade Stephens, na hataza yake ilitolewa mwaka 1910. Jina limetokana na wilaya yenyewe, Beaverhead. Ni jukwaa la miti ya msonobari lililoinama, pana, linalopanda hadi futi 30 hivi. Chini yake kuna kitanda kikubwa cha miti kinacholala ardhini. Kamba za waya zinatoka kwenye kitanda, zinapita kwenye kapi, na kuishia kwa farasi. Upande wa pili wa kilele ndipo lundo linapojengwa, kati ya kuta za mbavu za miti zinazozuia nyasi zisimwagike.

Kusomba kunafanywa kwa reki ya mbele: safu ya meno marefu ya mbao yaliyolala karibu na ardhi, na farasi mmoja kila upande, nyuma ya meno, mbali na mwenzake. Hawa hawavuti kitu kilicho nyuma yao. Wanasukuma nyasi zilizo mbele yao, na kila mmoja anajiona kama yuko peke yake. Farasi wengi hawaiwezi kazi hii mpaka wafunzwe kwa subira. Majike meusi yameifanya tangu asubuhi: yanaingia kwenye tuta, nyasi zinapanda kwenye meno mpaka huyaoni masikio, yanakwenda hadi kwenye kitanda, yanasukuma, yanarudi kinyumenyume, na mzigo umebaki.

Hapo ni zamu ya Duke na Dan. Wengi bondeni siku hizi huvuta waya kwa trekta au gari bovu lililobadilishwa. Hapa bado ni farasi. Mzee anasema neno lao, wanajiegemeza kwenye kola, waya unakaza, miti inalia, na kitanda kinaanza kupanda mteremko na nusu tani ya nyasi juu yake. Mwanzo ni wa polepole. Katikati ndiyo penye uzito, na hapo nimeona misuli ya paja la Dan ikitetemeka na kwato zikichimba udongo. Juu kabisa kitanda kinapinduka, nyasi zinaruka na kuanguka upande wa pili kwa kishindo laini, vumbi linatoka, na aliye juu ya lundo anakimbilia pembeni. Kisha farasi wanarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kitanda kinateremka. Ni kurudi huko ndiko kunakoonyesha farasi aliyefunzwa. Kuvuta kila farasi atavuta.

Mchana nimepewa uma na kupandishwa lundoni na jirani mmoja. Kazi ya juu ni kujenga, kutawanya mzigo ili kati pabaki juu kuliko pembeni siku zote, na kukanyaga kingo. Lundo lenye bonde katikati linakusanya mvua na theluji na kuoza hadi chini. Lenye mgongo mzuri linamwaga maji kama paa, na mzee ana lundo la mwaka juzi ambalo akilichimba kiganja kimoja tu ndani, nyasi bado zina ukijani na harufu. Hii ndiyo sababu wengine hapa hawajahamia kwenye marobota ya duara: hakuna nailoni, hakuna kamba, hakuna mashine ya kufungia, na baridi kavu ya bonde inahifadhi.

Tumefunga kazi saa mbili kasoro usiku, bado mwanga.

Jumatano

Asubuhi imebaki kumalizia kilele, kuchana pembeni kwa reki ya mkono ili nyasi zilale zikielekea chini, na kuzungushia ua wa miti ili swala na ng'ombe wasije mapema. Mzee amechomeka nondo ndefu katikati ya lundo. Ataichomoa kila siku kwa wiki kadhaa na kuishika. Nyasi zilizolundikwa zina joto kidogo kwa kawaida, na hilo halimsumbui. Lakini zilizolundikwa mbichi zinachemka zenyewe, zikipita nyuzi 60 za Selsiasi ni hatari, na zikiendelea kupanda lundo linaweza kushika moto bila kiberiti. Leo nondo ilikuwa na uvuguvugu wa kawaida.

Mtu akiniuliza kama njia hii inalipa, nitamjibu nilivyoona. Inataka watu, na watu hao wanaojua. Inataka wanyama wanaokula mwaka mzima, hata siku wasizofanya kazi. Ila hapa hawakai bure: kuanzia Novemba au Desemba, farasi haohao watafungwa kwenye sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, na kulisha ng'ombe kutoka kwenye malundo haya, asubuhi ambazo injini ya dizeli haiwaki kwa baridi. Familia hii haijanunua nyasi, na mashine yao kubwa kuliko zote imejengwa kwa miti ya mlima ule unaoonekana kutoka jikoni. Kwa ranchi ya ukubwa wao, yenye mjukuu anayeitaka kazi hii, mimi nimeridhika kwamba hesabu inakubali. Kwa ranchi mara kumi ya hii, sidhani.

Naondoka kwa barabara ya kusini, kupitia Jackson hadi Dillon. Anayetaka kuona aje kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti, aegeshe gari nje ya barabara, na aombe ruhusa kabla ya kuingia shambani. Asiwakaribie farasi kwa nyuma, na asiwape kitu cha kula wakiwa na lijamu kinywani. Mzee ameshafunga Duke na Dan tena. Shamba la ng'ambo ya mfereji lina ekari 40 zilizosimama, na utabiri unasema siku nne za jua.